Paka wa Kijapani si mchawi, lakini usiuzie watu bahati

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Juzi mlichapa barua ya msomaji mmoja wa Kisauni analalamika kuhusu wale paka waliochorwa kwenye milango ya maduka, paka mweupe mkono mmoja juu, akasema ni ushirikina umeingizwa mjini kimyakimya na akataka kaunti iwapake rangi wote wapotee. Sina ugomvi na mzee wangu, namwita mzee kwa heshima tu. Lakini wiki hio hio nkafungua simu nkakuta kijana amepiga picha kazi yake, nzuri kabisa, paka yule yule, alafu chini ameandika "paka wa bahati, weka dukani biashara ifunguke ndani ya siku saba, karibu inboksi". Hapo ndio nkaona lazima niandike, manake mzee anagombana na mchoro, kijana anauza kitu ambacho hana, na kati yao wawili hakuna aliyeuliza hii alama imetoka wapi na wenyewe huifanyia nini.

Mimi kazi yangu ni kuandika mabango na kuchora tuktuk, matatu na kuta za maduka, na hizi alama za bahati za Kijapani nimezichora tangu hazijawa fasheni ya vijana. Nazipenda. Mistari yake ni michache na imeshiba, mtu aliye ng'ambo ya barabara aelewa mara moja anachoangalia, na kwa mtu wa mabango hio ndio kazi yote. Kwa hivo naandika kama fundi, mambo ya fat'wa nawaachia wenyewe.

Tuanze na huyo paka anayesumbua watu. Wengi hapa mjini wamwita paka wa Mchina kwa sababu yule wa plastiki rangi ya dhahabu anayepunga mkono kwa betri ni kweli hutoka viwanda vya China, na twamuona kwa maduka ya simu na mahoteli. Lakini asili yake ni Japani, kwao aitwa maneki-neko, na alikuwa ashajulikana tangu Tokyo ikiitwa Edo. Kuna picha ya Hiroshige, yule mchoraji wao mkubwa wa picha za kuchapwa kwa mbao, ya mwaka 1852, ndani yake kuna kibanda kinauza paka hawa hawa. Yaani hata wakati huo alikuwa bidhaa ya sokoni, kazi ya wafinyanzi, mtu akipita ananunua.

Hadithi za alikotoka zinazosimuliwa sana ni mbili na kila mtaa wavutia kwake. Watu wa Asakusa, upande wa hekalu la Imado, wasema kulikuwa na bibi mkongwe maskini akalazimika kuachana na paka wake kwa kukosa cha kumlisha, usiku paka akamjia ndotoni akamwambia nifinyange kwa udongo, bibi akafinyanga, akauza, akapata chakula. Watu wa Gotokuji, hekalu liko Setagaya huko huko Tokyo, wao wasema karne ya 17 bwana mmoja mkubwa, Ii Naotaka wa Hikone, alikuwa akipita hapo na watu wake, akaona paka wa hekalu amekaa langoni anamwita kwa mkono, akaingia kuangalia kuna nini, mara mvua na radi ikashuka pale pale alipokuwa, na yeye yuko ndani salama. Kuanzia hapo akalilea lile hekalu. Ukienda leo Gotokuji utakuta mapaka meupe ya udongo yamepangwa kwa mamia, madogo kwa makubwa, yote mkono wa kulia juu, na hakuna hata mmoja aliyeshika pesa. Wenyewe wa hekalu waeleza kwamba paka hakupi utajiri, anakupa nafasi na watu wa kukutana nao, kilichobaki ni juu yako mwenyewe.

Sasa kijana wangu wa siku saba nataka arudie kusoma hapo. Wenye paka wao hawajaahidi siku saba.

Kuna jambo jengine kuhusu huyu paka ambalo hapa kwetu halihitaji hata maelezo. Wazungu wakimuona hudhani anasema kwaheri, kwa sababu wao humwita mtu kwa kiganja kikitazama juu na kidole kinakunjwa, mpaka baadhi ya waliotengeneza wa kuuza Marekani waligeuza mkono wake. Sisi Pwani ukimwita mtu kwa kidole hivo umemtukana. Sisi twaita kwa kiganja kikitazama chini na vidole vinajikusanya, vile vile Wajapani, vile vile paka. Nshamchora mbele ya mama muuza viazi karai na kabla sijamaliza sharubu akaniuliza, "Huyu amwita nani fundi?" Hakuniuliza kwa nini anapunga. Kwa hivo ile kazi inasomeka Mombasa bila mkalimani, na ndio maana naona ni kupoteza kuwafuta.

Ninachowalaumu vijana ni kopi. Wote wachora yule yule wa mtindo wa Tokoname, mji uko mkoa wa Aichi kule, wafinyanzi wake ndio walioeneza yule mwenye kichwa kikubwa, macho mviringo na sarafu ya koban kifuani. Mzuri, lakini ni wao. Na sisi mji mzima umejaa paka! Pita Mji wa Kale wakati wowote, kuanzia pale soko la samaki mpaka uteremke Ndia Kuu, utamkuta paka wetu mwembamba, miguu mirefu, sikio moja limechanika, amekaa barazani kama yeye ndiye mwenye nyumba. Huyo ndiye wa kuinuliwa mkono. Kuna kijana mmoja Majengo alimchorea muuza samaki paka wa namna hio, kijivu mwenye milia, na pale kwenye sarafu badala ya maandishi ya Kijapani akaandika till namba ya duka, ile ya kulipia kwa simu. Nilicheka peke yangu barabarani. Watu wapiga picha na yule paka na wengine walipia hapo hapo, hio ndio sanaa iliyofanya kazi, na haikuhitaji kumdanganya mtu. (Paka wa kuvalishwa kofia ya vito, ile ya kuvaliwa na kanzu, mimi nimekataa kumchora, kastoma alitaka, nkamwambia kofia ina heshima yake tafuta kichwa chengine.)

Rangi nazo zina mpangilio wake, mweupe ni wa heri kwa jumla, mweusi wa kufukuza shari, wa dhahabu wa pesa, na mkono wa kushoto wasema waita wateja, wa kulia waita mali, ingawa hata huko Japani si kila duka lafuata hivo. Ukijua unachagua. Usipojua unaweka mweusi kwa sababu rangi nyeusi ndio iliyobaki kwenye kopo.

Lakini paka amechukua nafasi kubwa mno, na mimi alama ninayoipenda zaidi ni daruma. Ni sanamu la mviringo jekundu, halina mikono wala miguu, uso wenye ndevu na macho mawili meupe matupu. Asili yake ni Bodhidharma, mtawa anayesemwa ndiye aliyeleta Zen, tawi la dini ya Kibudha, na wengi wanatengenezwa Takasaki, mkoa wa Gunma, karibu na hekalu la Shorinzan. Na sababu ya kutengenezwa pale si uchawi, ni njaa. Miaka ya 1780 kulikuwa na njaa kubwa kule, njaa ya Tenmei, mashamba yakaharibika, na baada ya hapo mtawa wa lile hekalu akawafundisha wakulima kutengeneza hivi vitu kwa karatasi na kalibu ya mbao wapate cha kuuza wakati shamba halina kazi. Mpaka leo familia za pale zaishi kwa hio kazi. Ukilinunua unaweka nia, unapaka jicho moja, unaliweka mahali unapoliona kila siku, siku ile nia imetimia unapaka la pili. Mwisho wa mwaka lachomwa hekaluni na unachukua jipya. Wanasiasa wao wakishinda uchaguzi utawaona kwenye runinga wamekamata brashi wanalipaka jicho. Wa kwetu wangekuwa na ukumbi mzima wa madaruma yenye jicho moja, lakini hayo tuyaache.

Hili sanamu latengenezeka hapa kwa vitu ambavyo kila nyumba inavyo, na Jumamosi nakaa barazani na watoto wa mtaa tunalitengeneza, kwa hivo wacha nieleze vizuri kwa mwenye kutaka. Puto dogo, ulipulize kiasi cha dafu dogo. Gazeti ulichane vipande kwa mkono, usikate kwa makasi, ule upindo uliochanika ndio unaoshikana. Unga wa ngano upikwe na maji uwe uji mwepesi, na ndani tia matone mawili matatu ya mafuta ya karafuu, kwa sababu bila hivo kwa unyevunyevu wetu huu litaota ukungu na mende watakula jicho kabla ya nia. Unabandika tabaka, unaacha likauke, unabandika tena. Wakati wa kaskazi lakauka upesi, ukijaribu masika utakaa nalo mpaka likuchoshe. Alafu ndio kazi yenyewe, uzito. Unapasua puto, unatoboa juu, unamimina simenti kidogo iliyochanganywa na vijiwe vidogo, na lazima ikae katikati kabisa chini na chini pawe mviringo, manake daruma kamili ukilisukuma laanguka na lanyanyuka lenyewe. Wajapani wana msemo wao kwamba ukianguka mara saba nyanyuka mara nane, na hili ndilo lililobeba ule msemo. Simenti ikihamia upande litalala ubavu wala halitaamka, na mtoto ataliangalia na kulilaumu, kisha ataelewa mwenyewe ilikosea wapi. Sijaona somo la fizikia linaloingia vizuri hivo.

Kabla ya nyekundu unapaka nyeupe ili rangi isinywewe na karatasi. Sisi hutumia emalshen ya ukutani. Mafundi wa wanasesere wa Kijapani hutumia unga mweupe unaosagwa kutoka kwa makombe ya baharini, wauchanganya na gundi. Nami nkawaza, sisi hapa nyumba zetu zote za kale tumezipaka chokaa ya matumbawe, mawe ya bahari hio hio moja. Nyekundu nayo ina sababu yake, zamani kule waliamini rangi nyekundu yafukuza ndui, kwa hivo mtoto mgonjwa alipewa vitu vyekundu vya kuchezea, daruma mmojawapo. Na nyusi za daruma wa Takasaki ukizitazama kwa karibu zimechorwa kwa umbo la korongo, ndevu kwa umbo la kobe, kwa sababu kwao korongo aishi miaka elfu na kobe miaka elfu kumi. Watu wengi wachora ndevu tu, wakosa utamu wote.

Lile jicho ndio watu wa hapa wangelielewa kuliko mtu yeyote. Majahazi ya Lamu mpaka leo yawekwa macho kwenye omo, pale mbele, na mitepe ya kale iliyoshonwa kwa kamba nayo ilikuwa na macho, chombo kione njia. Mtu anayesema jicho la daruma ni geni hajawahi kukaa Shela akaangalia mashua zikija. Mimi nikichora daruma wangu namtia jicho la jahazi, lile la duara lenye mwezi ndani, na nyusi za korongo naziacha vile vile. Hakuna aliyelalamika na Mjapani mmoja aliyepita Fort Jesus na mkewe alinunua mawili, akaniuliza jicho la pili apake lini, nkamwambia wewe ndio mwenyewe utanieleza mimi.

Sasa turudi kwa mzee wa Kisauni, manake ana hoja na sitaki kuiruka. Kuna nyumba nyingi hapa haziweki sanamu lenye uso, na haki yao. Mama mmoja alikuja barazani akanambia, "Fundi, mwanangu namtaka ajifunze, lakini hayo macho na pua sitaki aje nayo nyumbani." Nkamwambia sawa mamangu, na mtoto hakukosa kitu, kwa sababu alama za Kijapani zisizo na uso ni tele kuliko zenye uso. Kuna mawimbi yale ya nusu duara yanayopandana, seigaiha, heri isiyokatika, mtoto wa Mombasa kuyachora hafundishwi. Kuna msonobari, mwanzi na plamu vikipangwa pamoja, kwa sababu msonobari haupukutiki baridini, mwanzi wapinda hauvunjiki, plamu yachanua theluji ikiwa bado ipo. Hapa sisi theluji hatuna, lakini mvinje wafanana na ule msonobari wao, na ni mvinje ulioota kwenye machimbo ya Bamburi mwaka 1971 pale mawe yalipokuwa matupu hata nyasi hazitaki, leo ni msitu watu waenda kuona twiga. Chora mvinje. Kuna na jani la asa, nyota ya ncha sita waliyokuwa wakiitia kwenye nguo za watoto wachanga, kwa sababu ule mmea wakua haraka na wima, na hapa nitawaambia ukweli kabla hamjaambiwa na mtu mwengine, ule mmea ni jamii ya bangi, waliulima kwa ajili ya nyuzi za nguo. Ukiichora haifanani kabisa na lile jani la rasta, yafanana zaidi na nakshi za milango yetu, lakini askari akikuuliza wewe sema ni nyota.

Kitu kinachoniuma ni kwamba leso, yaani kanga, tumeisahau katika haya yote. Leso ina pindo, ina mji pale katikati, ina jina lililoandikwa, yaani nafasi ya kila kitu ishapangwa. Na kuna miaka leso zetu wenyewe zilikuwa zachapwa Japani, zaja na meli Kilindini, zauzwa Biashara Street, mabibi zetu wakazivaa harusini wala hakuna aliyesema zimetoka kwa makafiri. Sasa wabunifu wetu wachora kikombe na maua yale yale ya tangu enzi. Nani atachora leso ya korongo wawili kwenye mji, pindo mawimbi ya seigaiha, na korosho kwenye pembe nne? Wajapani wao huwatia korongo kwenye kimono za bibi harusi, kwa sababu ya umri mrefu na kwa sababu dume na jike hawaachani. Kobe wao wa heri huchorwa na mkia mrefu wa majani ya maji yaliyomuota kwa uzee. Huyo mtoe kobe mtie kasa, na yale majani yawe mwani, akina mama wa Kibuyuni kule Kwale waliouvuna mwani watainunua kabla haijakauka wino. Jina mtunge wenyewe, Mombasa haijawahi kukosa majina ya leso.

Mtoto wa yule mama na wenzake, kwa taarifa yenu, sasa washona samaki. Japani tarehe 5 Mei ni siku ya watoto, ilifanywa sikukuu ya taifa 1948, na nyumba nyingi zenye mtoto hutundika mlingotini samaki wa kitambaa, samaki wa maji matamu, koi kwa jina lao, mdomo wazi upepo uingie ajae aogelee hewani. Hadithi yake imetoka China, ya samaki aliyepanda maporomoko dhidi ya maji akageuka joka. Sisi twatumia mabaki ya leso kwa mafundi cherehani, waya wa mdomo, uzi wa tiara, na samaki wetu ni pono kwa sababu ya zile rangi zake. Mei hapa ni kusi, upepo upo wa kutosha. Mvua ikinyesha wawatoa, ikikatika wawarudisha.

Kuna vitu lakini nasema tusiviguse, na hapa mimi na mzee tuko upande mmoja ingawa kwa sababu tofauti. Cha kwanza ni omamori. Wengi wenu mumeviona bila kujua, ukinunua gari mtumba kutoka Japani saa zingine wakuta kijifuko cha kitambaa kimefungwa uzi kwenye kioo cha ndani, kile hutolewa hekaluni, ndani kuna dua yao, hakifunguliwi, na kikimaliza mwaka hurudishwa pale pale kichomwe. Hicho ni kitu cha ibada cha watu. Nshaona vimeanza kuigwa kwa satini na kuuzwa kwa madereva, na sipendi, sawa tu na mimi nisingependa kuona aya zetu zimechapwa kwenye soksi Osaka. Paka na daruma ni vitu vya sokoni tangu mwanzo, omamori si wa sokoni. Na wale miungu saba wa heri wanaosafiri kwenye jahazi la hazina nao ndio miungu hasa, tena Benzaiten, mmoja wao, ni Saraswati aliyetoka India, jirani zangu Wahindi wamjua vizuri. Mimi nachora jahazi lenyewe, na hazina zake ndani, abiria nawaacha. Kwao ile picha ya jahazi huwekwa chini ya mto usiku wa tarehe 2 Januari mtu aote vizuri, na ndoto nzuri kabisa ya mwaka mpya kwao ni mlima Fuji, mwewe na biringani. Biringani! Nimelichora kwa kibanda cha mboga Kongowea na mwenyewe hajui kwa nini nacheka.

Cha pili, hawa vijana wa matatu waache kuweka jua jekundu lenye miali kumi na sita nyuma ya kila kitu cha Kijapani. Bendera ya Japani ni duara tupu. Lile la miali ni la jeshi tangu zamani, na Mkorea au Mchina aliyezeeka akiliona hakumbuki heri hata kidogo. Weka mawimbi, weka wingu, nafasi ijae vivyo hivyo.

Basi kijana wa siku saba, na wenzako mnaouza namna hio, neno langu kwenu ni hili. Kazi yenu ni nzuri na bei mnazoweka ni ndogo, mwajipunja, alafu mwaongeza uongo ili hio bei ndogo ionekane ya haki. Andika: paka wa Mji wa Kale, amechorwa kwa mkono, rangi ya mafuta, haoshiki na mvua, siku tatu yuko tayari, oda kwa namba hii. Kisha ongeza bei. Mwenye duka akiuza asiuze, deni lako halipo. Siku biashara ya mtu itakapofungwa na paka wako bado yuko mlangoni ameinua mkono, atakuja kukuuliza, na sijui utamjibu nini. Wajapani nao wamenunua kwetu, wamechukua vinyago vya Wamakonde wakavijengea jumba zima la makumbusho mkoa wa Mie, na hakuna aliyewauzia kwa kuwaambia vitaleta mvua. Waliona mkono wa fundi wakalipa.

Na mzee wangu wa Kisauni, kama kaunti ina rangi ya kupaka ushirikina upotee, ianze na nguzo za stima. Kuanzia Buxton mpaka Likoni kila nguzo ina karatasi ya mganga anayerudisha mume, kuvuta mali, kukuza biashara na kutibu kesi mahakamani, namba ya simu ipo, hakuna anayempigia akamuuliza leseni. Zile zikiisha njooni tuzungumze kuhusu paka, nitawakaribisha kahawa.

Mwisho ni ombi, nalo ni kwako wewe Mhariri. Yale magazeti yanayorudi bila kuuzwa najua huenda kwa wauza samaki na mahamri kwa kilo. Watoto wamemaliza ya mtaa mzima na oda ya madaruma ya shule moja ya hapa imeingia. Ukurasa wenu washika gundi vizuri, wa wale washindani wenu una wino mwingi watoka mikononi. Tuwekeeni mafungu mawili kila mwisho wa mwezi, bei ya kilo anayolipa muuza samaki ntalipa hio hio, na nitatuma tuktuk kuja kuchukua.

Mchoraji mabango,
Majengo, Mombasa